Kamba Ikikatika, Jiwe Linaenda Wapi?

Jumamosi, 14 Juni

Mungu ni mwema. Leo nimefika Jorodom, kwenye darasa letu la wanaorudia mtihani, kabla ya Safina! Mara ya kwanza tangu Januari. Nimekaa kiti cha mbele kabisa, nimepanga kalamu tatu, nimetulia kama mwanafunzi wa maana. Safina ametoka dukani kwake mbio mbio, amekosa nafasi, amekaa nyuma. Nyuma!

Furaha imedumu dakika kumi. Mwalimu Sebastiani (amestaafu zamani, ana miaka sabini na moja, na bado hakubali mtu aje amechelewa) ameingia na kizibo cha chupa kilichofungwa kwenye uzi. Akaanza kukizungusha juu ya kichwa chake. Mada ya leo: mwendo wa duara na mvutano wa dunia. Akasema kitu kinachozunguka kinataka kwenda moja kwa moja, ila uzi unakivuta kuja katikati. Nikaandika. Akasema mwezi nao ni hivyo hivyo, na uzi wake ni mvutano wa dunia. Nikaandika. Kisha akasema mwezi unaanguka kila siku, kila dakika.

Hapo kalamu ikasimama. Nikanyoosha mkono nikauliza: kama unaanguka kila siku, mbona haujafika? Na ukifika, utaangukia wilaya gani? Darasa zima likacheka. Nilikuwa nauliza kwa nia njema kabisa. Safina kule nyuma akaeleza kwamba unaanguka huku unakimbia pembeni, kwa hiyo unaikosa dunia. Mwalimu akamwambia vizuri sana. Mimi mara ya mwisho kuambiwa vizuri sana ilikuwa Februari, na nilikuwa nimefuta ubao.

Halafu likaja tangazo. Jumamosi ijayo jaribio. Nafasi za mazoezi ya maabara ni chache, kwa hiyo atakayepata chini ya hamsini haorodheshwi, na bila maabara hakuna mtihani wa Novemba. Atangoja mwaka mwingine.

Mwaka mwingine! Nina miaka thelathini na nane. Miaka kumi na miwili nimekuwa mhudumu wa zahanati: nimefagia, nimebeba ndoo, nimeshika taa wakati wenzangu wanazalisha. Chuo cha uuguzi kinataka D ya Fizikia. D moja tu. Mimi kidato cha nne nilipata F, na hadi leo nikifumba macho naiona ile F ilivyoandikwa. Sitaki kungoja tena. Nataka siku moja taa ishikwe na mtu mwingine, mimi nimpokee mtoto.

Hata hivyo nashukuru. Nina wiki nzima. Na mtu mwenye akili kama yangu hahitaji kuelewa Fizikia. Anahitaji mpango.

Jumapili, 15 Juni

Mpango wa kwanza: samli.

Leo sikusali kigangoni kwetu. Nimekwenda hadi Katesh, kwa Mwalimu. Nimemwambia Yoakimu, mume wangu, kwamba kwaya ya kule inaimba vizuri. Akatazama kibuyu kilichokuwa kinachungulia kwenye mkoba wangu, akauliza kama hiyo kwaya inakula samli. Yoakimu ni mtu wa maneno machache na yote yanachoma.

Baada ya misa nikamfuata Mwalimu hadi nyumbani kwake. Tumsifu Yesu Kristo, shikamoo Mwalimu, za siku nyingi (tulionana jana). Nikatoa kibuyu. Nikasema ni shukrani tu, haihusiani na jambo lolote, hasa haihusiani na jaribio. Mke wake akakipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akanibariki mimi na ng'ombe. Nikaona kabisa D yangu ikija.

Mwalimu akasema mwanafunzi mwenye moyo wa shukrani namna hii anastahili msaada wa pekee. Akaingia ndani. Nikangoja mlangoni. Akatoka na maswali ishirini ya ziada, ameyaandika kwa mkono wake, niyarudishe Jumamosi yakiwa yamejibiwa yote. Safina hakupewa. Hakuna mwingine aliyepewa. Mimi tu!

Nashukuru. Samli yenyewe ilikuwa ya mama mkwe. Bado hajaitafuta.

Jumanne, 17 Juni

Swali la nne kati ya yale ishirini linauliza kwa nini pikipiki hulala upande wa ndani inapokata kona. Nimelifikiria kutwa nzima huku napiga deki zahanati. Nikapata jibu. Dereva analala ndani kwa mazoea tu. Kona inamsukuma mtu kwenda nje, kwa hiyo mtu aliyesoma anatakiwa kuifuata, alale upande wa nje, ili chombo kisawazike. Sikuwa na shaka hata kidogo.

Jioni nimepanda bodaboda ya Musa kurudi nyumbani. Tulipofika kwenye kona ya shamba la mbaazi, Musa akalala kushoto kama kawaida yake. Mimi nikalala kulia. Kwa nguvu zote.

Mbaazi ni mmea mzuri, una majani mengi. Nashukuru halikuwa shamba la mkonge. Musa aliinuka kwanza, akaniokotea kandambili yangu, akauliza kwa upole kama mama nimeona nyoka. Nikamweleza habari ya kusawazisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa kweli amelelewa vizuri, kisha akaniomba kwamba siku nyingine nikae kama gunia la mahindi. Akasema amebeba magunia miaka sita na hakuna gunia lililowahi kumwangusha.

Jibu la nne nimeandika: Inategemea abiria.

Jumatano, 18 Juni

Mpango wa pili: Safina mwenyewe.

Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nimemfuata dukani Katesh na maziwa ya mgando, nikasema nimekuja kumsaidia kukunja vitenge. Amefurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Amenipa kigoda, amenimiminia chai ya tangawizi, ameniita dada. Nikamuuliza, kama mtu anayeongea tu, mwenye duka lake Fizikia anaitakia nini.

Akakunja kitenge kile kile mara mbili. Akasema duka lake la kwanza lilikuwa kule Jorodom, Desemba ile matope yaliposhuka mlimani yakafukia nyumba na watu. Siku ile yeye na wanawe walikuwa Dongobesh kwa mama yake. Waliporudi, pale ilipokuwa kaunta palikuwa na jiwe refu kuliko mtu. Watu wamemwambia mengi kuhusu siku ile, na wengine wamemwambia anyamaze. Yeye anataka kujua mwenyewe ni nini kinaushikilia mlima na ni nini kinauachia. Akipata nafasi atasomea miamba.

Nikamshika mkono, nikamshukuru Mungu kwa sauti kwamba siku ile alikuwa kwa mama yake. Akasema amina. Tukaendelea kukunja, wanawake wawili na vitenge vyetu, na kwa mara ya kwanza sikumwonea wivu hata kidogo.

Kisha akaingia mteja, Safina akainuka, na daftari lake likabaki wazi mbele yangu. Mimi ni binadamu.

Ukurasa ulikuwa wa lile swali ambalo Mwalimu analipenda: jiwe linazungushwa kwa kamba, kamba ikakatika, jiwe litaenda wapi? Chora mshale. Safina alikuwa amechora duara na mishale miwili. Mmoja unatoka katikati kwenda nje, kama spoku ya baiskeli iliyopitiliza tairi. Huo ameukata kwa wino mwekundu. Wa pili unaanzia ukingoni mwa duara, unaligusa tu na kwenda zake mbele. Huo ameuwekea alama ya vema.

Mtu wa kawaida angenakili wenye vema. Mimi nikafikiri. Safina ana akili nyingi. Mtu mwenye akili nyingi anajua watu watalichungulia daftari lake. Atafanya nini? Atalikata jibu la kweli, halafu vema ataliwekea la uongo! Nikanakili ule uliokatwa. Nikamshukuru kwa chai, nikaondoka haraka kabla hajauliza natabasamia nini.

Alhamisi, 19 Juni

Jioni nimekwenda shambani kumpokea mama mkwe, Bibi Marieta. Wiki nzima yuko juu ya dungu analinda mtama, maana kwelea wa mwaka huu hawana huruma. Bega linamuuma. Nikapanda, nikachukua kombeo.

Sijalishika miaka mingi. Kamba mbili za katani, moja ina kitanzi cha kidole, katikati kipande cha ngozi cha kulalia jiwe. Nikazungusha mara mbili, nikaachia. Kundi zima likaruka! Jiwe la pili nikalenga kisiki cha kule mpakani. Kah! Kwenye kisiki. La tatu, kisiki kile kile. Mama mkwe akasema, mbele ya Yoakimu, kwamba tangu aolewe katika boma hili hajaona mkwe mwenye mkono kama huu. Ananijua tangu nikiwa msichana na hajawahi kunisifia hata ugali. Nilitaka kulia. Nimemshukuru mara tatu.

Akaendelea kusema kwamba watoto wa siku hizi hawajui. Wanaachia jiwe likiwa limeelekea kwa ndege, kisha wanashangaa mbuzi wa jirani anapolia. Anayejua anaachia jiwe likiwa ubavuni, na lenyewe linakwenda mbele. Nikamwambia ndivyo hivyo, mimi nalijua hilo tangu nina miaka saba.

Ghafla nikakumbuka daftari. Linaachiwa ubavuni, linakwenda mbele... Likafanana na ule mshale wenye vema! Nikashikilia nguzo ya dungu. Kwa dakika nzima sikuwa na raha.

Kisha nikatulia. Hili ni kombeo. Hapa ni shambani. Mwalimu anafundisha Fizikia, na Fizikia imo vitabuni. Kama vingekuwa kitu kimoja, basi mama mkwe, ambaye hajawahi kuingia darasani, angekuwa na A. Haiwezekani.

Ijumaa, 20 Juni

Ili niondoe wasiwasi wote kabla ya jaribio, nimeamua kurusha jiwe moja Kifizikia. Nikapanda kwenye dungu. Nikazungusha. Safari hii sikuachia ubavuni. Nilingoja jiwe lielekee kwa ndege kabisa, sawasawa na mshale wa Safina uliokatwa, ndipo nikaachia.

Jiwe likaenda kushoto. Kushoto kuna mgunga. Kwenye mgunga kuna mzinga wa nyuki wa Yoakimu.

Nilisikia gogo likipasuka. Kukawa kimya. Kisha hakukuwa kimya tena.

Mama mkwe, miaka sabini na sita, alishuka dunguni bila kugusa ngazi. Ng'ombe wawili wamekatiza mto na tumewakuta kwa jirani. Mimi niliingiza kichwa kwenye gunia, ila nyuki mmoja alikuwa ameshatangulia humo. Jicho la kulia limefunga kabisa.

Yoakimu akaja na moshi, akawatuliza nyuki, akanikalisha chini, akanitoa miiba mmoja mmoja kwa ukucha. Kisha akaniangalia usoni vizuri. Akacheka! Hajacheka tangu ng'ombe wetu wa kukamua alipokufa mwezi wa tatu. Alicheka mpaka akakaa chini, na mama mkwe naye akaanza, na mimi pia, ingawa kucheka kuliniuma. Akanipaka asali, maana sasa ilikuwa nyingi hata chini. Hakuuliza nilikuwa nalenga nini. Namshukuru Mungu kwa mwanaume huyu. Wengine wangeuliza.

Nimechunguza sababu ya jiwe kupotea. Kombeo ni kuukuu. Ngozi yake imechakaa.

Jumamosi, 21 Juni

Jaribio. Nimeingia na jicho moja. Mwalimu akauliza nimepatwa na nini, nikamwambia ni utafiti. Nikamkabidhi majibu yangu ishirini. Akasoma la nne akiwa amesimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akalisoma tena.

Swali la tatu lilikuwa lile lile! Jiwe, kamba, mshale. Nikatabasamu. Nikaweka kalamu kwenye karatasi, na mkono wangu, wenyewe, bila ruhusa yangu, ukachora mshale unaogusa duara na kwenda mbele. Mkono wa shamba! Nikaukata mshale huo kwa mistari miwili, nikachora wa kwenda nje, mnene, wa kuonekana. Nikamtazama Safina kwa huruma.

Swali la mwisho: eleza kwa nini mwezi hauifikii ardhi. Hilo sikuwa na mpango nalo. Sikuwa na kitu cha kunakili, na zilibaki dakika kumi. Nikamfikiria mama mkwe na mawe yake. Nikaandika kwamba ukirusha jiwe polepole linaanguka hapo karibu, ukirusha kwa nguvu linaanguka mbali. Sasa angekuwepo mtu mwenye mkono wa ajabu, jiwe lingevuka Balangdalalu, livuke Singida, liendelee. Na kwa kuwa dunia ni ya mviringo, ardhi ingekuwa inainama chini ya jiwe kadiri jiwe linavyoanguka. Basi lingeanguka siku zote bila kukutana na ardhi, na nadhani mwezi ndivyo unavyofanya. Chini nikaandika: Samahani Mwalimu, hili nimebuni.

Tulipotoka Safina akanivua mtandio wangu, akanifunga upya vizuri ili vumbi lisiingie kwenye jicho. Akauliza swali la tatu nimechora vipi. Nikasema siri.

Jumatatu, 23 Juni

Mwalimu amenipigia simu nifike Jorodom baada ya kazi. Nikajua. Anapiga simu kwa walioshindwa, ili wasisome matokeo mbele za watu.

Safina, tisini na moja. Mimi, arobaini na nane.

Nikafikiria ile taa ya zahanati, kwamba nitaishika mwaka mwingine, na huenda mwaka mwingine tena, mpaka wanione ni sehemu ya taa. Nikasema nashukuru Mwalimu, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Akaniambia nisiondoke. Akasema swali la mwisho nimepata alama zote, na kwa miaka arobaini ya kufundisha hakuna aliyemjibu vile. Akauliza ni kitabu gani. Nikamwambia hakuna kitabu, nilijaza nafasi tu. Kisha akaweka kidole kwenye swali la tatu. Nani ameukata mshale huu? Mimi. Kwa nini? Siwezi kumtaja Safina, nimekunywa chai yake.

Akanitoa nje, nyuma ya jengo, kwenye yale mawe makubwa yaliyoshuka na matope. Akaweka kopo juu ya jiwe moja. Kisha akatoa kombeo mfukoni. Mwalimu ana kombeo! Kumbe amekulia Mbulu akilinda ngano ya baba yake. Akanipa, akasema nilipige kopo.

Nikazungusha mara mbili, jicho moja wazi. Kopo likaruka.

Akauliza jiwe lilikuwa wapi nilipoachia. Ubavuni. Likaenda wapi? Mbele. Akanipa kalamu na karatasi, akasema nichore hicho nilichofanya. Nikachora. Ulikuwa mshale ule ule niliokuwa nimeukata.

Akasema, "Hili umelijua tangu utotoni, Mama Doris. Nani alikuambia usilijue?"

Nikalia pale pale, kwa jicho moja, maana lingine halifunguki. Akafuta arobaini na nane, akaandika hamsini. Nikamshukuru mpaka akaniambia imetosha. Safina alikuwa amengoja barabarani muda wote ule, na nilipomwambia aliruka akanikumbatia mpaka mtandio ukaanguka. Nimepata! Jina langu linakwenda maabara. Asante Mungu, asante Mwalimu, asante watu wote.

Alhamisi, 26 Juni

Mama mkwe ameitafuta samli. Nimekiri. Amesema hayo tuyaache, mradi nesi wa kwanza wa boma hili atamtibu bega bure. Naishi na watu wema.

Nimekuwa na muda wa kutafakari yaliyotokea Jumatatu, na sasa nimeyaelewa. Mwalimu ni mzee mwenye huruma. Aliona jicho langu, akatafuta njia ya kunipa alama mbili bila kuniaibisha, akakumbuka kombeo. Ni wema mkubwa, na nitamwombea siku zote. Lakini Novemba wasahihishaji hawatanijua, na huko mshale lazima uwe ule wa kweli.

Leo Mwalimu amenipa heshima ambayo sikuitegemea. Sulle, fundi viatu wa sokoni, alikuwa anaumwa siku ya jaribio na atalifanya Jumamosi hii. Mwalimu ameniomba mimi nimsaidie mada ile. Mimi, siyo Safina! Amesema nitaieleza vizuri kwa sababu ninayo mkononi.

Tumekaa kibandani kwake saa nzima. Sulle amechunga ng'ombe na kombeo utoto wake wote, kwa hiyo ameshika haraka ajabu. Habari ya mwezi ameielewa mara moja. Kisha nikampa swali la jiwe na kamba. Bila kusita akachora duara na mshale unaoligusa na kwenda mbele, akaniangalia kwa furaha.

Nimemhurumia. Anangoja D hii kama nilivyoingoja mimi, ana watoto wanne, anataka chuo cha ufundi. Nikaona siwezi kupokea wema wote huu wa wiki mbili halafu nimwache mwenzangu aende hivyo. Nikachukua kalamu yake, nikaukata mshale wake kwa mistari miwili, nikamchorea wa kwenda nje, mnene. Nikamwambia aukariri na asimwonyeshe mtu.

Amenishukuru sana.